Uji Ulioombewa Ruhusa

Nchi ya Funikia msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Aliyenisimulia habari zake ni Bi Siwema, mkulima wa manjano wa huku kwetu milimani, na Bi Siwema si mtu wa porojo. Alifikaje huko? Alifika. Kuna watu ukiwaachia watakusimulia safari mpaka chai ipoe, barabara ilikuwaje, nani alitapika, na huko walikokwenda hawakufikishi. Mimi naanzia mlangoni.

Mlangoni aliulizwa swali moja tu: amebeba nini kisichofunikwa. Kikapuni alikuwa na manjano makavu, pilipili manga, majani ya mlonge, unga wa ulezi na nazi tatu. Vyote vilikuwa vya mwanawe wa pekee, Arafa, aliyeolewa huko mwaka wa nane sasa. Arafa alikuwa ameandika kwamba anaumwa, ugonjwa haujulikani jina, ila mwili unakwisha. Ofisa akavitazama vile vyakula kama mtu aliyeonyeshwa nguo za ndani za mgeni, akageuza uso, akavitupia kitambaa. Akamweleza mama wa watu, kwa upole kabisa, kwamba Funikia chakula hakitembei uchi.

Vikachukuliwa vyote kwenye karakana iliyokuwa hapo hapo mpakani. Vikarudi jioni vikiwa punje ndogo ngumu, zinang'aa, kila moja imepigwa chapa ya jina la mwenye mali, SIWEMA. Nazi tu ndizo zilizopita kama zilivyo. Ofisa alizipigia saluti, kwa kuwa zilizaliwa na ganda lake.

Hapa lazima nieleze kidogo, msije mkadhani watu wale walikuwa wendawazimu tangu mwanzo. Zamani palikuwa na tabibu mmoja huko, mwanamke aitwaye Nambiza, naye aligundua jambo la kweli. Aligundua kwamba nguvu nyingi ya mimea hutupotea. Mtu anakula manjano makavu, manjano hayayeyuki kwa maji, tumbo linayaharibu mengine, yaliyobaki yanapita zake na kutoka, na damu haikuambulia kitu. Nambiza akayasaga laini, akayakoroga kwenye mafuta na pilipili manga kidogo, akayazungushia ganda jembamba la wanga na utomvu wa mwani, punje moja moja, kubwa kiasi cha mtama. Sheria yake ilikuwa na nusu mbili. Ganda livumilie ukali wa tumbo, kisha lifunguke utumboni, mahali mwili unapochukulia chakula. Wagonjwa waliinuka vitandani. Alipokufa yule mama nchi nzima ililia, na walikuwa na haki ya kulia.

Baada yake wakaja wakaguzi. Nusu ya kwanza ya sheria ilikuwa rahisi kukagua: unatumbukiza ganda kwenye siki ya moto, unavuta kiti, unalitazama, likistahimili unalipiga muhuri. Nusu ya pili iliwashinda. Nani ataingia na taa ndani ya utumbo wa mtu? Mwaka mmoja Baraza likaamua kwamba jambo lisilokagulika lisiandikwe. Ile nusu ya pili ikafutwa, watu wakaenda kula chakula cha mchana. Toka siku hiyo kazi ikabaki moja, kushindana kwa ugumu. Siki ya saa moja ikawa ya siku, ya siku ikawa ya wiki. Na kwa kuwa ganda lilikuwa limewafaa kwenye manjano, wakauvisha mchicha, wakayavisha maharage, wakauvisha na uji.

Desturi ikahamia mpaka kwenye maneno. Jambo zito haliambiwi mtu kwa mdomo huko. Linaandikwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kinavishwa ganda, anapewa mwenyewe mkononi. Naye hulipokea kwa mikono miwili, hulisifu, huliweka rafuni. Kulivunja ni utovu wa adabu. Bi Siwema aliuliza sasa mtu atajuaje kilichomo, akajibiwa kwamba jambo kubwa huja kwenye ganda kubwa, na hilo linatosha.

Nyumba ya Arafa ilikuwa nzuri, haina vumbi. Mumewe, Zimbile, alikuwa mkaguzi wa daraja la kwanza, kijana mtaratibu, mwenye heshima. Alimwamkia mama mkwe wake shikamoo huku ameinamisha macho, kama inavyotakiwa. Arafa alikuwa kitandani. Bi Siwema anasema alipouinua mkono wa mwanawe aliogopa, kwa sababu haukuwa na uzito. Aliuweka chini taratibu, akajitia kutafuta kitu kikapuni ili asionekane uso.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula sana, mama. Nimeshiba muda wote. Ila nguvu ndiyo sina."

Na kweli alikuwa anakula. Kila asubuhi Bwana Mapokezi wa mtaa alileta bakuli la punje za daraja la kwanza, akasimama mpaka ziishe, kwa kuwa nyumba ya mkaguzi hukaguliwa kuliko nyingine. Arafa alizimeza na maji, tumbo likajaa, na mchana wote aliweza kuzisikia zikigongana ndani alipojigeuza.

Bi Siwema ana macho. Siku mbili tu alizokaa mjini aliona jambo lililomtia wasiwasi. Waheshimiwa wote wa Funikia walikuwa wamekonda, mashavu yameingia ndani, wanatembea wameshikilia kuta. Wachukuzi wa sokoni, waosha vyombo na wafagia barabara walikuwa na miili yao, wanacheka, wana watoto wenye makalio. Akauliza kulikoni. Mwanamke mmoja wa sokoni akamwambia kwa aibu kwamba wao, maskini, hawana uwezo wa maganda mazuri. Hula yale yaliyokataliwa na wakaguzi, yenye nyufa. Aliomba radhi kwa unene wake. Huko wembamba ndio cheo.

Aliporudi alimwambia mwanawe waziwazi kwamba atakwenda kumtafutia hayo ya nyufa. Arafa alikataa. Alisema likionekana ganda bovu moja nyumbani kwa mkaguzi, mumewe atavuliwa muhuri, na mumewe hajui kazi nyingine duniani. Alimpenda yule mwanamume, nataka mlijue hilo. Alimwonyesha mama yake rafu ya ukutani, palipopangwa maganda ya barua na salamu za miaka yote. Juu kabisa, juu ya kitambaa chekundu, palikuwa na ganda moja jeupe, si kubwa, limechorwa ua. Zimbile, aliporudi kazini, akaeleza kwa fahari kwamba Arafa ndiye aliyempa, mwezi ule alipoanza kuugua. Hujivunia kulionyesha kwa wageni. Arafa aliangalia dirishani.

Siku ya tatu Bi Siwema alichoka kuwa mgeni mwema. Zimbile akiwa kazini, alichukua jiwe la uani, akazipasua zile punje zenye jina lake, ulezi, manjano, pilipili manga. Akavunja nazi, akakuna, akakamua tui, akabandika uji kama anavyoupika hapa kwetu, manjano yakaanza kutoa rangi kwenye mafuta ya nazi. Masikini, hakukumbuka harufu. Funikia chakula hakina harufu. Mtaa mzima ulitoka nje, watu wamesimama njiani vichwa juu, wengine machozi yanawatoka na hawajui kwa nini. Arafa alikuwa amekunywa vijiko viwili tu pale Bwana Mapokezi alipoingia na nta, akalifunika sufuria, akaliziba ukingo wote, akapiga muhuri. Akamwambia Bi Siwema kwamba kwa kuwa ni mgeni atasamehewa mara moja. Akivunja ganda mara ya pili atatolewa nchini siku hiyo hiyo, na mgonjwa wake atabaki na wenye nchi.

Lakini alasiri ile Arafa alikaa kitandani bila kushikwa. Vijiko viwili! Viganja vyake vilikuwa vya moto. Aliomba kitana, akachana nywele, akamtania mama yake kwamba bado anazidisha pilipili manga. Bi Siwema anasema hakuwahi kufurahi namna ile, na kuogopa namna ile, kwa pamoja. Sasa alijua kinachomponya mwanawe ni nini, na alijua amekatazwa.

Kesho yake Bwana Mapokezi, ambaye hakuwa na kinyongo, alimchukua kumtembeza. Kila mgeni hupelekwa kuona fahari ya nchi, nayo iko chini ya mji, mahali mifereji yote ya vyoo inapomalizikia. Pale wanawake walikuwa wamesimama majini na machekeche, wanakusanya maganda yaliyotoka, wanayaosha, wanayapanga kwa majina ya wenye mali. Zima kama lilivyoingia, alisema Bwana Mapokezi, na sauti yake ilitetemeka kwa mapenzi ya nchi yake. Kilima cha maganda kilifika juu ya kichwa cha mtu. Bi Siwema akapita, akitazama majina, mpaka akakuta fungu lenye jina lake.

Miaka saba alikuwa anampelekea Arafa manjano. Kila mavuno alichagua vidole vinono kuliko vyote, akavichemsha, akavianika, akavipa watu waliokuwa wanakwenda upande ule, na kila mwaka Arafa alimwandikia kwamba amepata, anakula, anashukuru. Yalikuwa pale yote. Aliokota moja, akalipasua kwa jiwe, manjano yakamwagika kiganjani mwake mabichi ya rangi, yananukia shamba lake. Alikaa chini kwenye matope akalia. Wale wanawake wa machekeche waliacha kazi wakamtazama, hawakuwa wamezoea kuona mtu akilia hivyo.

Akayafunga maganda yake kwenye upande wa kanga, akaenda moja kwa moja Barazani.

Siku ile Baraza la Funikia lilikuwa linajadili kama siki iwe ya siku kumi na moja au kumi na mbili, na pande mbili hizo zilikuwa hazisalimiani. Walimsikiliza kwa adabu. Akamwaga maganda mezani, akaeleza. Akasema yamepita ndani ya mwanawe miaka saba na hayakumwachia kitu. Mjumbe mmoja mzee sana, aliyemkuta Nambiza akiwa hai, alinyanyua mkono akauliza kama hapo zamani maganda hayakuwa yanafunguka. Mwenyekiti akamjibu kwamba swali lake halimo kwenye ajenda. Kisha akamgeukia Bi Siwema, uso umejaa furaha.

"Mama, limepita tumboni mwa mtu, limelala majini miaka saba, na halina hata ufa. Umetuletea sifa, wewe ukaiita malalamiko."

Wakampigia makofi. Wakamvisha utepe.

Bi Siwema alisimama na utepe wake begani mpaka makofi yakaisha. "Waheshimiwa," alisema, "mimi sikuja kushtaki ganda la mtu. Naomba bakuli moja la uji. Mwanangu anywe bakuli moja, mbele yenu mkitaka, halafu mnifukuze."

Hapo mjadala ukachemka kwelikweli. Mmoja alisema bakuli lenyewe ni ganda, maana linazunguka uji. Mwingine akasema ni nusu ganda, kwa kuwa juu liko wazi. Wa tatu akauliza je, likiwekwa kifuniko? Wa nne, msomi, akasema kifuniko kikiondolewa ili mtu anywe, uji utakuwa uchi kwa muda wa kutoka bakulini hadi mdomoni, na nani atabeba dhamana ya muda huo. Ikaundwa kamati ya watu watatu. Bi Siwema akaambiwa asubiri nyumbani, jibu litaletwa.

Akasubiri. Kila asubuhi alilitoa jiwe uani akalisuuza, akazihesabu punje za ulezi zilizobaki, akaweka nazi karibu na mbuzi ya kukunia, ili jibu likija asipoteze hata dakika. Nguvu ya vile vijiko viwili ilikuwa inakwisha. Siku ya kwanza Arafa aliongea. Siku ya pili alisikiliza. Bi Siwema alimwosha, akampaka mafuta, akamsimulia habari za shamba, nani kafa, nani kaoa, mpaka maneno yakamwishia.

Siku ya tatu tarishi wa Baraza akabisha hodi. Alileta ganda dogo, kubwa kiasi cha kunde. Zimbile alilipokea kwa mikono miwili, akalisifu ung'aavu wake, akaliweka rafuni. Bi Siwema akamuuliza kama ndilo jibu.

"Hapana, mama. Dogo hivi, hizi ni salamu tu za Baraza. Jibu lingekuwa kubwa."

"Tusilivunje basi, baba, tukaona?"

Zimbile alimtazama kama amependekeza wamvue mtu nguo barazani. Hakumfokea, hakuwa kijana wa kufoka. Aliinamisha macho tu. Na Bi Siwema, ukweni, nyumba ya watu, nchi ya watu, akiogopa kufukuzwa na kumwacha mwanawe peke yake, akanyamaza. Kwenye kunyamaza huko ndipo anapojilaumu mpaka leo. Mimi nimemwambia mara nyingi kwamba asingeweza kujua. Hanisikii.

Arafa alikufa kesho yake saa sita mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake, tumbo limejaa.

Watu wa Funikia walikuja kuzika, wengi, kwa heshima kubwa. Kila aliyeingia alidondosha ganda la pole kwenye kapu mlangoni, akakaa, akatazama mbele. Mlio pekee uliosikika ni wa maganda yakigonga maganda. Bi Siwema alilia kwa sauti kama tunavyolia sisi, akamwita mwanawe kwa jina, na watu wakamsogezea kitambaa ili ajifunike. Alikisukuma. Zimbile alisimama wima siku nzima, muhuri wake kiunoni. Alitoka nje mara moja, akashika ukuta, akarudi.

Baada ya siku tatu Bi Siwema akafunga kikapu. Njiani kwenda kuaga alikutana na yule tarishi, akamwambia awapelekee salamu waheshimiwa wa kamati na awaambie wasijisumbue tena kutoa jibu. Tarishi alishangaa.

"Mbona jibu lilitoka, mama? Nililileta mwenyewe nikampa mkweo."

Anasema hakumbuki alivyorudi. Anakumbuka jiwe la uani limemjaa mkononi. Aliingia, akalitoa lile ganda dogo rafuni, akaliweka sakafuni, akalipasua, Zimbile akiwa amesimama mlangoni na hakumzuia. Kikaratasi kilikuwa na mstari mmoja. Ruhusa imetolewa, bakuli moja la uji, kwa sharti liwe na kifuniko. Tarehe ilikuwa ya siku moja kabla ya kifo.

Alimpa Zimbile asome. Zimbile akasoma, akakirudia tena, midomo inacheza bila sauti. Kisha akainua macho taratibu, akayapandisha rafuni, moja moja, miaka yote ile ya maganda mazima. Yakafika juu kabisa, kwenye kitambaa chekundu.

Akalishusha lile ganda jeupe la mkewe. Likamponyoka yeye aliyekuwa ameshika maelfu ya maganda bila kuangusha hata moja, nalo halikuvunjika, lilikuwa la daraja la kwanza. Akaliokota. Akanyoosha mkono kuomba jiwe. Bi Siwema akampa.

Ndani palikuwa na mwandiko wa Arafa, ule wa kulala upande, ambao mama yake aliufahamu tangu mtoto alipokuwa anaandikia mkaa mlangoni.

*Zimbile, nina njaa.*

Walikaa sakafuni wawili hao, mkwe na mama mkwe, katikati ya vipande. Hatimaye Zimbile akalia, kwa sauti mbaya, ya mtu ambaye hajawahi kulia, na mtaani watu wakafungua madirisha. Alilia kwa muda mrefu. Alipoweza kusema, alisema jambo moja.

"Mama, uji unapikwaje?"

Bi Siwema anasema alitamani kumpiga na lile jiwe. Anasema lilikuwa karibu, na mkono ulikuwa tayari. Badala yake alimwambia akalete punje za ulezi zilizobaki, na nazi, na sufuria. Akamwonyesha.